MITI HAINA KOSA
Mawazo juu ya barabara yetu



Ninajua kama mukiona maandiko ya kapita wa wanafunzi katika karatasi hii, mbele ya kusoma mumekwisha kujua atasema nini: kelele katika refektwari, ndoo za maji zinazopotea, wale wanaotoroka interna usiku. Leo sitasema juu ya mambo hayo. Leo ninataka kusema juu ya barabara inayotoka kwenye njia kubwa ya Kisangani mpaka hapa kwetu, kilometa 11 ndani ya msitu. Tena ninataka kusema juu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe.

Munakumbuka lisiti ya wachelewaji. Trimestre ya kwanza nilisimama kila asubuhi karibu na kengele na daftari mkononi, sababu ndiyo kazi niliyopewa. Katika mwezi wa kumi na moja peke yake niliandika majina 14 ya wanafunzi wanaolala kwao na kuja kwa miguu. Azabu yao munaijua: siku ya posho, wakati sisi wa interna tunafua nguo, wao wanakata majani ya uwanja wa mpira na kupekupe. Kijana mmoja wa darasa la pili alinijia asubuhi moja saa mbili na nusu, nguo zake zimelowana mpaka kifuani. Akasema: "Yaya, kilalo kilienda na maji." Nikamjibu mbele ya watu wote: "Na miguu yako, maji ilibeba yote?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Kiisha nikaandika jina lake.

Maandiko haya yote yanatoka katika kicheko kile.

NJIA NILIYOIPITA

Nilirudi toka vakansi ya Noeli katika mwanzo wa mwezi wa kwanza. Kamio iliniacha kwenye njia panda saa kumi na mbili ya asubuhi. Siku zingine ninapata motopiki pale, na mbele jua halijapanda niko masomoni. Siku ile wenye motopiki walikuwa wawili tu, wanaota moto. Mmoja akaniambia: "Kapita, hatuingie. Njia iko mubaya sana. Ukitaka, enda na miguu." Basi nikaweka sanduku langu kichwani, nikaingia msituni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita njia ile yote kwa miguu, na hii ni mwaka wangu wa mwisho hapa. Ninaona haya kuandika neno hilo, lakini ni kweli.

Ni wakati wa kiangazi. Kiangazi chetu si kama cha Lubumbashi, ambako mvua inapotea miezi mingi mfululizo. Hapa kwetu inapunguka tu, toka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, wakati wenzetu wa Ulaya wanakaa katika baridi ya theluji. Lakini asubuhi kuna baridi kwetu pia. Ukungu ulikuwa chini, na matone yalianguka toka juu kama mvua ndogo, ingawa mvua haikuwako. Kichwani nilikuwa na sanduku, miguuni nilikuwa na sandali, na sikusikia kitu isipokuwa ndege.

Toka kilometa ya kwanza unaingia katika mbau. Wale wa biologia wanajua jina lake la wataalamu, Gilbertiodendron dewevrei. Mahali mti huu unatawala, karibu miti yote mikubwa ni ya namna moja tu. Inapita mita 30 kwa urefu, na chini yake ni giza hata wakati wa mchana. Majani yake ni mapana na magumu kama ngozi. Yakianguka, hayaozi upesi, yanalala juu ya udongo moja juu ya nyingine. Mbegu zake ni kubwa, nguruwe wa pori wanazipenda, na wazee wanasema hata watu walizila wakati wa njaa. Kupita kati ya miti ile peke yako, unajisikia mdogo sana. Niliimba wimbo mmoja wa kanisa, si kwa sababu ya imani nyingi, ni kwa sababu ya woga.

Kwenye kilometa ya pili barabara ilikuwa imekatika. Nilishuka ndani ya shimo, na ukingo ulinifika begani. Nikaweka sanduku chini, nikatazama vizuri. Nikaona hivi: mfereji wa kando ulikuwa umejaa majani ya mbau na udongo, mpaka huwezi kujua kama zamani palikuwa mfereji. Buze iliyokuwa inapitisha maji chini ya barabara ilikuwa imeziba kabisa, nayo bado nzima, haina hata ufa. Maji yalikuja, yakatafuta mlango, yakakuta mlango umefungwa. Basi yalipanda juu ya barabara na kuipasua.

Niliporudi nilifanya hesabu. Milimeta moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni litre moja ya maji. Kwetu katika upande huu wa inchi mvua ya mwaka inapita milimeta 1.600, na mvua kubwa moja ya mwezi wa kumi na moja inaweza kuleta milimeta 50 kwa siku moja. Tukamate barabara yenye upana wa mita 6 na urefu wa kilometa moja. Ile ni mita za mraba 6.000. Mara 50, tunapata litre 300.000. Ni mapipa 1.500 ya litre 200. Na hayo ni maji yaliyoanguka juu ya barabara yenyewe tu, bila kuhesabu yale yanayoshuka toka kilima. Mapipa 1.500 hayawezi kukosa njia. Ukiyanyima mfereji, yatakamata barabara.

Kwenye kilometa ya nne mti mkubwa ulianguka na kulala juu ya njia. Maji yalikuwa yamekula udongo chini ya mizizi yake siku nyingi, mpaka mizizi haikuwa na kitu cha kushika. Mizizi ilisimama juu kuliko nyumba. Watu walikata kanjia kando kwa panga, kanatosha kinga moja kupita.

Kwenye kilometa ya tano nilifika kwenye kijito. Kilalo kilikuwa cha magogo manne. Sasa limebaki gogo moja. Pale ndipo nilimkuta yule kijana wa darasa la pili, anachota maji kwa mama yake. Kijiji chao kiko juu kidogo. Alinisalimu vizuri: "Yaya, umerudi." Akanipokea sanduku. Nikamwuliza katika mwezi wa kumi na moja maji yalifika wapi. Hakusema neno. Alienda mpaka kwenye mti mmoja ulio kando, akaweka mkono wake juu ya alama ya tope. Alama ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Hapa nilikuwa nangojea," akasema. "Nangojea baba mmoja apite, anibebe."

Wapendwa, mtoto yule alingojea kila asubuhi mtu mzima wa kumvusha kwenye mgongo, kiisha alikimbia kilometa sita, na mwishoni alinikuta mimi na daftari.

Tulikuwa tungali pale watu wengine wakatokea. Wanaume wanne walikuwa wanabeba mama mmoja mwenye mimba juu ya kipoyo, na wamama wawili nyuma yao. Walikuwa wanakwenda kwenye hospitali. Kupita juu ya gogo moja na kipoyo haiwezekani. Ilipasa waingie ndani ya maji. Mimi na kijana tuliingia nao, tukashika kando ili kipoyo kisiguse maji. Kwenye ngambo mtelemko ulikuwa utelezi, tukaanguka mara mbili, wakatafuta kamba. Karibu saa nzima ilipita kwenye kijito ambacho motopiki ilikuwa inavuka kwa dakika moja.

Mama yule alifika akiwa mzima, tunashukuru Mungu. Mtoto hakuishi. Mimi si munganga, siwezi kusema mtoto alikufa kwa sababu ya njia. Ninasema tu saa ile moja tuliipoteza pale, na niliiona kwa macho yangu.

MANENO YA KOKO

Kwenye kilometa ya nane kuna nyumba ya mzee mmoja mnayemjua wengi, anayeuza vikapu. Mbele ya nyumba yake nilishangaa. Barabara ilikuwa kavu, ina mgongo juu na inashuka kidogo pande mbili, kama ilitengenezwa jana. Na juu yake palikuwa mti mkubwa, kivuli kimefunika njia yote. Nikasimama.

"Koko, nani alitengeneza hapa?"

"Mimi."

"Leta inakulipa?"

Akacheka. "Mutoto wangu, Leta haijui hata jina yangu. Mimi naondosha majani kila kiisha mvua. Hatua makumi sita tu. Nguvu yangu inaishia pale."

Zamani, katika miaka ya 1970 na 1980, alifanya kazi ya kutunza njia. Akanifundisha kwa fimbo yake. Barabara ya udongo inataka vitu vitatu tu. Kwanza, mgongo, ili maji yasilale katikati. Pili, mfereji kando mbili. Tatu, kila mahali pa mtelemko, mdomo wa kutokea, ili maji ya mfereji yaingie msituni mbele hayajawa mengi. Akaongeza kitu cha ine, barriere ya mvua: mti mmoja unafunga njia, na kamio inangojea saa kadha mpaka udongo ukauke. Kamio moja nzito ikipita juu ya udongo laini, inachimba. Kamio ya pili inachimba zaidi. Ya tatu inatafuta njia kando. Hivyo ndivyo burbie inazaliwa.

Nikamwambia maneno ninayosikia watu wanasema: wanataka kuuza miti mikubwa ya kando ya barabara kwa wapasua mbao, ili jua lipate kuingia na kukausha njia. Koko akatikisa kichwa. "Miti haina kosa. Maji pia haina kosa. Enda utazame kule mbele kwenye mashamba, utaniambia."

Nilienda, nikatazama. Kwenye kilometa ya tisa miti ilikwisha kukatwa zamani, jua linaingia toka asubuhi mpaka jioni. Na ni pale pale barabara imeharibika kuliko kote. Maji yanashuka kilimani bila kitu cha kuyapunguzia mbio. Si shimo tena, ni bonde. Basi chini ya mti wa koko, mahali mfereji ni safi, njia ni nzima. Katika jua, mahali hakuna mfereji, njia imekufa.

MAWAZO YANGU

Ninataka kusema haki. Jua linasaidia, si uongo. Kukata vichaka na matawi yanayoinama juu ya barabara ni kazi nzuri, hata koko anaifanya. Lakini kukata matawi si kuuza mti. Mti ule ulikuwapo mbele ya babu zetu, na franga zake zitakwisha mbele ya mvua ya mwezi wa tisa. Kati ya miti ya pande zetu kuna afromosia, ambayo toka mwaka 1992 mapatano ya mataifa yanaangalia biashara yake, kwa kuwa inapunguka. Tukiuza miti na kuacha mifereji imeziba, tutakosa miti na tutakosa barabara.

Lakini sikukamata kalamu ili kuhukumu wanakijiji. Nilikamata kalamu kwa sababu yetu sisi wanafunzi. Kila siku ya posho tunapeleka watoto 14 kukata majani ya uwanja wa mpira. Majani yale yanaota tena katika majuma mawili, na hayakuzuia mtu kufika masomoni. Wakati uleule, mfereji uliowachelewesha unakaa umeziba. Tunaazibu watu kwa ajili ya barabara, na kwa azabu ile tunafanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye barabara. Nimetafuta akili katika jambo hili, sikuiona.

Mimi si Bwana Prefe, wala si Direkteri wa disipline. Ninatoa mawazo tu, na wakubwa watapima. Ninaomba mambo ine.

La kwanza: siku ya mvua kubwa, mwanafunzi anayetoka ngambo ya kijito asiandikwe. Nimekwisha kufungua ukurasa mwingine katika daftari langu. Juu yake niliandika "Mvua". Mwenye jina katika ukurasa ule hana azabu. Bwana Direkteri aliuona, hakukataa, alisema ataufikiri.

La pili: mara mbili kwa mwezi, siku ya posho, masomo yote yatoke na majembe, peli na panga kwa saa mbili. Si kama azabu. Wote. Tusianze na kilometa 11, tutachoka na kuacha. Tuanze na kilometa mbili zinazofika hapa. Kilometa mbili, mifereji kando mbili, ni mita 4.000. Sisi tuko wanafunzi 250. Kila mmoja anapata mita 16. Ni ndani ya mita 16 tu, wapendwa. Kuondosha majani, kufungua midomo ya maji, kufungua buze kwa mti mrefu. Mtu mwenye nguvu za kucheza mpira dakika 90 hawezi kusema mita 16 zinamshinda.

La tatu: darasa la mwisho lianze. Nitarudi juu ya neno hilo.

La ine: Komite ya wazazi iongee na wakubwa wa vijiji, ili kila kijiji kisafishe mbele yake kama koko anavyofanya, na magogo matatu ya kilalo yarudi mbele ya mvua. Hapo ndipo mti mmoja unaweza kukatwa kwa haki, uliochaguliwa na wazee, kwa kilalo cha wote.

WATAKAOKATAA

Najua mutasema nini, kwa sababu nimekwisha kusikia katika chumba cha kulala.

Wengine wanasema: "Barabara ni kazi ya Leta." Ni kweli, na tusiache kuisema. Njia inapokatika vile, mashini na siminti zinatakiwa, na panga zetu hazitajaza bonde la kilometa ya tisa. Tuandike barua, tutie sahihi wote. Lakini tukumbuke ukubwa wa mzigo. Barabara za inchi yetu zinahesabiwa kilometa 152.400, na katika hizo 58.129 tu ndizo barabara za taifa na za majimbo. Zaidi ya nusu ni njia ndogo za vijiji kama hii yetu. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, hata njia kubwa ya Kisangani ilirudiwa na msitu, na wafanyabiashara walisukuma kinga zenye mizigo siku nyingi kati ya miti hii. Kama njia kubwa ilisahauliwa, nani atafikiri buze ya kilometa yetu ya pili? Tena buze ile haikuvunjika. Iliziba. Kuondosha majani ndani ya buze hakutaki barua.

Wengine wanasema: "Hiyo ni salongo. Tumekataa salongo." Ninawaelewa. Wazazi wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, na wazazi wao walikumbuka kazi ya barabara ya wakati wa Wabeleji, yenye fimbo. Niliuliza koko juu ya neno hili. Akasema kazi haikuwa mbaya. Kilichoiharibu ni kwamba wadogo walilima, wakubwa walisimama kando na kutazama, na mara nyingine walipelekwa kulima shamba la mkubwa. Kwa hiyo ninaomba darasa la mwisho lianze, na mimi mbele yao.

Na ndugu zangu wa darasa la mwisho wanasema: "Sisi ni finaliste. Egzame ya Leta iko karibu, hatuna wakati." Ndugu, somo la Biblia la mwaka huu mulilisikia pamoja nami. Fungueni Nehemia sura ya 3. Ukuta wa Yerusalema ulijengwa na nani? Wafua zahabu walijenga. Watengenezaji wa manukato walijenga. Shalumu alijenga pamoja na binti zake, na kwa mstari ule ninawajibu pia wale wanaosema dada zetu wabaki kupika. Wengi walitengeneza mahali panapoelekea nyumba yao wenyewe, sawa na koko. Ukuta ulikwisha katika siku 52. Kundi moja tu limeandikwa kwa haya: wakubwa wa Tekoa, waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi ile. Majina ya wafua zahabu yanasomwa, na haya ya wale wakubwa inasomwa mpaka leo. Finaliste anachagua mwenyewe anataka kuandikwa upande gani. Tena nafasi yetu ya kufanyia egzame iko mbali, tutapita njia ileile kuifikia. Mwaka jana niliona finaliste wanavuka matope na viatu mkononi na kalamu katika mifuko ya plastiki. Saa mbili kwa siku ya posho hazitamwangusha aliyejifunza.

Wa mwisho wanasema: "Kilometa mbili ni nini katika 11?" Ni swali zuri. Hatua 60 za koko ni nini? Lakini mimi nilizipita na sanduku kichwani, na pale tu ndipo nilitembea kama mtu, bila kutazama miguu yangu. Hatua 60 zilinionyesha njia yote ingeweza kuwa vile. Sisi tukifanya mbili, kijiji cha kilometa ya saba kitaona haya au kitaona mfano. Yote mawili yanafaa.

MWISHO

Miezi sita tena na mimi nitaondoka hapa, Mungu akipenda na diploma. Kapita mwingine atapokea daftari. Kwake ninaacha neno moja: mbele ya kuandika jina la mtoto, pita kwanza njia anayopita.

Kwa wale 14, ninaomba rehema. Nimekwisha kwenda kwa kila mmoja, lakini niliwachekesha watu mbele ya wote, kwa hiyo ninaomba rehema mbele ya wote. Kwa kijana wa kilometa ya tano zaidi. Alibeba sanduku langu mpaka hapa, kilometa sita, na hakunikumbusha hata mara moja neno nililomwambia kwenye kengele.

Mvua zitarudi katika mwezi wa tatu. Hatuna siku 52. Kama Bwana Prefe anakubali, tuanze siku ya posho inayokuja. Atakayetaka kunisaidia atanikuta kwenye buze ya kwanza saa moja ya asubuhi. Nitakuwa na peli na mti mrefu. Daftari nitaliacha nyumbani.

Wenu katika Bwana,
Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho